Nafasi ya Buji na Gari la Dieudonné

Ninyi mnaobaki pale garaji mmeniomba mara nyingi niwaandikie namna ninavyochagua nafasi ya buji kwenye moteri za turbo. Buji ni kile kidude kinachotoa cheche ndani ya silinda, ndugu zetu wa Tanzania wanakiita plagi. Mlipokuwa mnaniuliza nilikuwa najibu kwa maneno mafupi kisha narudi kazini. Sasa sina kazi ya kurudia, kwa hiyo nitaandika kwa urefu. Lakini siwezi kuandika habari ya nafasi ya buji bila kuandika habari ya Papa Kalenga aliyenifundisha kazi, na ya Dieudonné aliyepoteza mguu. Mmezisikia kwa vipande, na vipande vyenyewe kila mtu amevikata kwa namna yake.

Nilifika pale mara baada ya shule ya ufundi. Baba yangu, ambaye wazazi wake walitoka Kasai, alikuwa anauza vitenge na alitaka nikae dukani. Patron, mwenye garaji wa wakati ule, aliponiona msichana getini alidhani nimeleta chakula cha mafundi, akaniambia niweke sufuria kivulini. Nilimwambia sina sufuria, nina diploma. Wanaume wakacheka. Chini ya kamio moja, lori la mizigo, ilitoka sauti ikasema, "Kama anajua kushika ufunguo wa boluti, aingie. Sufuria ataleta siku ingine." Huyo ndiye Papa Kalenga. Mtu mfupi, mikono mipana, mtoto wa mfanyakazi wa reli kutoka kaskazini ya Katanga, Mkatoliki wa kwenda misa ya asubuhi kabla ya kazi.

Asubuhi ile alinimwagia mbele yangu mfuko wa buji zilizochakaa akaniambia nizisome. Sikujua kama buji inasomwa. Akanionyesha: yenye rangi ya kahawa ya maziwa, moteri yake ni nzima. Nyeusi yenye masizi makavu, inakula esanzi, yaani petroli, kuliko inavyochoma. Nyeusi yenye unyevu, oili inapita. Nyeupe kama chokaa, joto limezidi na karibu kitu kitayeyuka. Kisha akatoa kile kipimo cha vibamba vya chuma, vyembamba kama karatasi, kila kimoja na unene wake, akanifundisha kukipitisha kati ya ncha mbili za buji. "Usisukume kwa nguvu," alisema. "Kipite kama mukono mu shati. Ikubane kiloko, isikukatalie." Sijapata mtu mwingine aliyeeleza vizuri zaidi. Hilo nitalisema hata leo, na ninyi mtaona kwa nini kulisema kunanigharimu.

Ikaja miaka mibaya. Watu wenye majina ya Kikasai kama langu, Ngalula, walifukuzwa kazini na majumbani, wakakaa stesheni na magodoro yao wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengine hawakuwahi kuiona. Siku moja vijana wenye fimbo walikuja kwenye geti la garaji. Mmoja akauliza kwa sauti, "Kuko Mukasai humu?" Mimi nilikuwa nyuma, mikono ndani ya gia. Papa Kalenga alitoka na ufunguo mkubwa wa magurudumu, si kwa kutishia, alikuwa nao tu. Akajibu, "Humu kuko bamekanike tu." Wakamtazama, akawatazama, wakaenda mahali pengine. Tangu siku ile mpaka mambo yalipotulia, kila jioni alinisindikiza hadi mlangoni kwetu, akitembea upande wa barabara. Nilimwita baba mbele ya baba yangu mzazi, na mzazi wangu hakukasirika.

Turbo zilitujia baadaye, na yale magari ya Kijapani yenye usukani wa kulia yaliyopita mpaka wa Kasumbalesa yakiwa yameshachoka. Mafundi wengi walishika turbo kama wanavyoshika moteri ya kawaida. Nami nilianza hivyo. Magari yalikuwa yanarudi na ugonjwa mmoja: uani yanalia vizuri, mlimani yanakohoa. Niliumiza kichwa kwa muda, nikasoma vitabu vilivyokuja na magari, nikawauliza madereva wa mashindano waliokuwa wanapita kutoka Zambia, nikajaribu mwenyewe.

Jambo lenyewe liko hivi. Turbo inasukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Hewa iliyobanwa inakataa kupitisha umeme. Ile bobini inayotoa umeme ina nguvu yake, na ikifika mwisho wa nguvu hiyo haiongezi. Moteri ikiwa imetulia, turbo imelala, cheche inaruka hata nafasi ikiwa kubwa. Ukikanyaga, turbo ikaamka, hewa ikabanwa, cheche inashindwa kuvuka. Silinda inakosa moto, gari linakohoa, nguvu inakatika wakati ule ule unapoihitaji. Kwa hiyo nafasi unaipunguza. Moteri ya kawaida inaweza kutembea kwa milimita moja, au moja nukta moja. Ya turbo mimi naanza na kipimo alichoandika mtengenezaji kwa moteri ile ile, si kwa dada yake isiyo na turbo, na mara nyingi ni sifuri nukta nane au sifuri nukta saba. Kama mwenye gari ameongeza presha ya turbo, nashuka kidogo tena. Kama bobini ni mpya na zenye nguvu, siharakishi kushuka.

Msishuke kupita kiasi. Nafasi ikiwa finyu sana, cheche inakuwa kipunje cha moto, moteri inatetemeka ikiwa imetulia na esanzi inaliwa bure. Msiamini boksi lililoandikwa kwamba buji imeshapimwa. Boksi limeanguka njiani mara ngapi, hakuna ajuaye. Zile zenye ncha nyembamba ya iridiamu msiguse ncha ya katikati kabisa, pindeni ule ulimi wa pembeni tu, polepole. Na mtakapomaliza, msijaribu gari uani. Uani kila gari ni zima. Pakieni mzigo, mpande mlima kwa gia ya tatu, mkanyage hadi chini, msikilize.

Papa Kalenga hakulipenda somo hili. Alikuwa amekulia kwenye kabureta, na kwa kabureta alikuwa na haki: nafasi kubwa, cheche ndefu, moto mzuri. Nilipomweleza habari ya hewa iliyobanwa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ngalula, buji iko kama muntu. Inahitaji kupumua." Nikamwambia, "Papa, mu turbo kuko upepo mukali, ukiacha dirisha wazi mushumaa unazimika." Akatabasamu. "Basi weye funga madirisha yako, mi nitaacha yangu." Tuliendelea hivyo kwa amani, yeye magari yake, mimi yangu. Ningejua, ningemgombeza.

Dieudonné alikuwa kijana wa mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliyepeleka dawa kwa maduka ya dawa ya Likasi. Alikuwa na gari refu la turbo, nyuma kote kumejaa makatoni, na alikuwa na mke, Charlotte, mshonaji. Alikuja akilalamika kwamba gari linakata pumzi akitaka kupita makamio ya madini. Nilitoa buji zake. Zilikuwa mpya, zimetoka boksini zikaingia moja kwa moja, nafasi moja nukta moja. Nikazifunga hadi sifuri nukta saba, tukapanda mlima na makatoni yake yote, akakanyaga, gari likaenda bila kukohoa hata kidogo. Alipiga usukani kwa furaha. "Mama Ngalula, sasa iko motoka!" Nikamwambia kwamba asubuhi, moteri ikiwa baridi, itatetemeka kidogo, asijali. Akasema hatajali.

Alijali. Nilikuwa nimekwenda Mitwaba kumzika mama mkwe wangu, na mnaoijua barabara ile mnajua kwamba mtu haendi na kurudi anavyotaka. Nikiwa huko, Dieudonné alirudi garaji na kutetemeka kwake kwa asubuhi. Papa Kalenga akafungua, akapima, akarudisha nafasi moja nukta moja. Moteri ikatulia kama maji ya ndoo. Dieudonné akashukuru, akapakia dawa, akaenda.

Kwenye barabara ya Likasi alitoka upande wake ili apite kamio lililobeba madini. Mbele lilikuwa linakuja lingine, mbali bado, nafasi ilikuwa inatosha kwa gari lenye nguvu. Akakanyaga. Hayo aliyaeleza mwenyewe baadaye, neno kwa neno: alikanyaga, likakohoa, akakanyaga tena, likakohoa, akatafuta kurudi nyuma ya kamio na nyuma mtu alikuwa ameshaziba. Alilitupa gari kando. Kamio lililokuwa linakuja likashika ubavu wake wa mlango. Alitoka hai. Mguu wa kushoto madaktari waliukata.

Gari lilivutwa hadi kwetu, nami nilikuwa nimesharudi. Ubavu ulikuwa umeingia ndani lakini moteri haikuwa imeguswa. Nilitoa buji ya kwanza, nikaona kabla ya kupima. Nikapima zote. Kisha nikaenda kwa Papa Kalenga, alikuwa anaosha mikono.

"Papa, nani alifungua buji ya Dieudonné?"

"Ni mi. Asubuyi ilikuwa inatetemeka."

"Nilizifunga juu ya turbo."

"Ulizinyonga."

"Papa, ndiyo ile ilikata nguvu wakati alikuwa anapita kamio. Angalia." Nikampa buji na kipimo.

Alipima. Alipima tena. Akakaa juu ya ndoo. "Ee Mungu wangu," alisema. "Yule mutoto." Nikakaa karibu naye. Sikumlaumu, naapa. Aliniambia, "Kesho ba patron wataita bantu ya Dieudonné. Nitasema mi mwenyewe. Weye usiseme kintu." Nikamwamini, kwa sababu mpaka siku ile hakuwa amenipa hata mara moja sababu ya kutomwamini.

Kesho yake tuliitwa ofisini. Alikuwapo patron, Charlotte na kaka mkubwa wa Dieudonné. Patron akauliza, "Nani alishika moteri ile?"

Nilimtazama Papa Kalenga. Alikuwa anatazama viatu vyake. Akasema, "Ni Ngalula alitumika ku buji."

Ndiyo, nilikuwa nimefanya kazi kwenye buji zile, kila neno la sentensi ile lilikuwa kweli. Ndiyo maana mpaka leo naiogopa.

Nikasema, nikimtaja kwa wingi wa heshima, "Nilizifunga. Halafu nikaenda Mitwaba, na ba Papa Kalenga wakazifungua tena. Jana wameniambia wenyewe."

Patron akageuka. "Ba Papa, ni kweli?"

"Mi nilisikiliza moteri tu," alisema. "Sikushika."

"Papa," nikamwita. Akainama kufunga kamba ya kiatu.

Mafundi wengine walipoulizwa walisema hawakuona. Labda hawakuona. Dieudonné naye alikuwa kitandani hospitali, hakujua tofauti ya kufungua na kufunga. Alijua tu kwamba mama mmoja alizigusa buji zake, na mzee mmoja akamtulizia moteri. Charlotte alisimama mbele yangu akasema bila kupaza sauti, "Mwanamuke mwenzangu, nyumba yangu umeivunja." Angepiga kelele ningevumilia zaidi.

Patron hakunifukuza. Aliniondoa kwenye moteri, akaniweka kwenye tairi. Huko nilikaa miaka ambayo sitaki kuihesabu, nikipuliza upepo na kubandika viraka huku vijana niliowafundisha wakipita na buji mikononi, wengine wakiniuliza kwa siri nafasi iwe ngapi kwa gari fulani, kisha wakienda mbele ya wateja kusema hawajawahi kufundishwa na mwanamke. Tairi nalo ni kazi ya heshima. Likipasuka, angalau linapasuka mbele ya watu. Wateja wa zamani walikuwa wananiona nimepiga magoti kwenye vumbi, wanauliza kama ni adhabu. Niliwajibu kwamba hapana, ni kupandishwa cheo, sasa ninashika gari zima.

Papa Kalenga alistaafu kwa sherehe. Tulikula kuku. Hakuzungumza nami na mimi sikumtafuta. Patron alipozeeka na garaji ikapita kwa mwanawe, magari ya turbo yalikuwa yameshakuwa mengi kuliko mafundi wa kuyajua, wakanirudisha kwenye moteri bila kusema kwa nini niliondolewa. Ninyi mlinikuta hapo.

Kabla ya kustaafu mimi mwenyewe, nilisikia kwamba Papa Kalenga ni mgonjwa sana wa sukari. Nikaenda kwake Katuba siku ya Jumapili baada ya misa. Mkewe, Mama Feza, alinipokea kwa furaha, akaniita mtoto wao. Mzee alikuwa kwenye kiti, macho yameshaisha, lakini alinijua kwa hatua. Tulizungumza habari za watoto. Mama Feza alipoingia jikoni nikamwambia, "Papa, sikuombi ubaite patron. Uiseme tu mara moja, mbele ya mama. Kwamba ni weye."

Akasema, "Siku ile ku geti, nani alisimama?"

"Ni weye, Papa."

"Sikuwahi kukuomba kintu juu ya ile siku."

"Hapana."

"Basi," alisema. Akamwita mkewe alete chai.

Niliinywa ile chai. Nilitembea hadi nyumbani, na njia nzima nilikuwa napita mahali alipokuwa ananisindikiza akitembea upande wa barabara, nikajiuliza kama hata wakati ule alikuwa ananiandikia deni. Sidhani. Nadhani alikuwa mtu mwema siku ile na mwoga siku nyingine, na alipotafuta kitu cha kujifunika akaushika wema wake mwenyewe. Lakini tangu jioni ile sikuweza tena kukumbuka geti bila kusikia bei yake, na hilo ndilo nililomkasirikia kuliko tairi zote.

Alikufa mwaka huu, wiki chache baada ya mimi kurudisha salopeti yangu ya kazi na kustaafu. Wengi wenu mlikuwapo matangani. Uwanja ulijaa viti vya plastiki, kwaya ya parokia ilikuwa upande wa ukuta. Dieudonné alikuja na mikongojo yake pamoja na Charlotte, akapewa kiti cha mbele. Alipopewa neno alisema kwamba Papa Kalenga ndiye fundi aliyejaribu kuokoa gari lake baada ya wengine kuliharibu. Watu wakaitikia. Akashuka akishika mikono ya watu wa mstari wa mbele mmoja mmoja, akaruka wangu.

Kisha nikaitwa mimi, mwanafunzi wake wa zamani kuliko wote. Nilikuwa nimeandaa mengine. Nilisema kwamba alinifundisha kusoma buji, kwamba alisimama getini siku ambayo wengine walijificha, kwamba bila yeye nisingekuwa fundi na pengine nisingekuwa Lubumbashi. Hayo yote ni kweli. Halafu nikasema, "Na buji ya motoka ya Dieudonné, mi nilizifunga, ni Papa Kalenga alizifungua tena. Aliniambia mwenyewe. Nilingoja aseme, hakusema. Sasa nasema mi."

Mama Feza akaweka mikono kichwani. Mtu akasema, "Mwanamuke huyu hana haya, mbele ya maiti!" Mwalimu wa kwaya akainua mkono wake haraka na wimbo ukaanza, wa sauti kubwa, mpaka nikarudi kwenye kiti changu bila kusikia hatua zangu. Hakuna aliyeniletea maji. Mama Feza hanisalimii tena, na watoto wake wameniambia nisifike kaburini. Wengine wenu mmeniuliza kama najuta. Najuta kwamba hakulisema yeye akiwa hai. Zaidi ya hapo, niulizeni mwakani.

Nilipokuwa natoka, Dieudonné alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na mlango wa uwanja, Charlotte amesimama nyuma yake. Aliniita kwa jina tupu, bila mama mbele yake.

"Ngalula. Ilikuwa ngapi?"

"Moja nukta moja."

"Na ilipashwa kuwa?"

"Sifuri nukta saba."

"Mi sijui mambo ya nukta. Tofauti yake iko namna gani?"

Nilitafuta kitu cha kumwonyesha. Sikuwa na kipimo, na karatasi moja ingekuwa nyembamba mno. "Unene wa ukucha wako," nikamwambia. "Si upana wake. Unene."

Aliinua mkono, akageuza kidole gumba kando ili auone ukucha kwa ubavu, akausogeza karibu na jicho. Aliutazama muda mrefu. Charlotte naye akainama kutazama. Dieudonné akaegemea bega la mkewe, akachukua mikongojo, wakatoka.